Nyumba ya Wazee: Tuibomoe au Tuitengeneze?

Kuna swali linalosumbua jamaa nyingi, katika vijiji vyetu na hata katika vitongoji vya miji. Nyumba imekwisha kuzeeka. Ni nyumba ya miti na udongo, ile ambayo wengi huiita nyumba ya potopoto. Ilijengwa na babu au na baba, nayo imelea watoto wengi. Lakini sasa kuta zake zina nyufa, miguu ya nguzo imeliwa na mchwa, vyumba ni viwili tu, tena vyenye giza, na moshi wa jikoni unafika mpaka kitandani. Watoto wanaosoma hawana mahali pa kuweka daftari. Basi baba wa jamaa anajiuliza: Nibomoe yote nijenge nyumba mpya ya matofali ya kuchoma, au niitengeneze hii niliyo nayo?

Wengi hujibu upesi: Bomoa! Nasi tunaielewa sababu yao. Kwa muda mrefu nyumba ya udongo imehesabiwa kuwa alama ya umaskini, na mtu aliyepata mshahara hutaka jirani zake waone kwamba amepiga hatua. Lakini tutazame yanayotokea mara nyingi. Baba anabomoa wakati wa kiangazi. Anazo fedha za msingi na za nusu ya kuta. Mvua zinakuja kabla ya paa, na fedha zimekwisha. Mama na watoto wanalala katika kibanda chini ya turubai. Kibanda hicho kiliitwa cha muda, nacho kinadumu miaka mitatu au minne. Kuta zisizofunikwa zinalowa na kuharibika hata kabla ya kumalizika. Mtu aliyetaka kuwapa wake nyumba bora amewanyang'anya ile waliyokuwa nayo.

Sisi hatusemi kwamba kila nyumba ya zamani yafaa kuhifadhiwa. Tunasema hivi: nyumba ya udongo haiharibiki kwa sababu ni ya udongo. Inaharibiwa na maji, mchwa, na uzembe wetu. Nayo inatudhuru kwa moshi, giza na kukosa hewa. Mambo hayo yote yaweza kuondolewa, moja baada ya jingine, jamaa ikiendelea kulala chini ya paa lake.

Udongo si aibu

Nchini Mali, katika mji wa Djenné, uko msikiti mkubwa uliojengwa kwa udongo mtupu. Jengo tunaloliona leo lilimalizika mwaka 1907. Limepita miaka zaidi ya mia moja, kwa sababu wenyeji hukusanyika kila mwaka, wazee kwa vijana, kulisiriba upya. Hawangoji ukuta uanguke. Sisi nasi tunayo methali ya jambo hilo: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Na mfano wa pili watoka Burkina Faso. Diébédo Francis Kéré alizaliwa katika kijiji cha Gando, akaenda Ujerumani kujifunza kazi ya kuchora majengo. Mwaka 2001 shule ya msingi aliyokichorea kijiji chake ilimalizika. Hakuleta kuta za nchi za baridi. Alichukua udongo wa pale pale, akauchanganya na simenti kidogo, na wanakijiji wenyewe wakafanya kazi ya kujenga. Kisha akaliinua paa la bati juu ya dari, akiacha nafasi upepo upite katikati na kuondoa joto. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, ambayo ni heshima kubwa kabisa katika kazi hiyo, naye alikuwa Mwafrika wa kwanza kuipata. Basi asiwepo mtu wa kutuambia kwamba elimu na udongo havikai pamoja.

Ipimwe kwanza

Kabla ya kushika jembe, nyumba na ichunguzwe kama vile mganga anavyomchunguza mgonjwa. Teremsha uzi wenye jiwe kutoka juu ya ukuta: kama ukuta umeinama sana kuelekea nje, hauna budi kuangushwa. Tazama nyufa. Ufa mwembamba kama uzi, ulio katika siribo tu, si kitu. Ufa unaoanzia chini ukafika juu, na ambao kidole huingia, ni jambo zito. Lakini hata huo tuupime: bandika juu yake kipande cha chokaa au cha simenti, uandike tarehe. Kama baada ya majira yote ya mvua kipande hakijavunjika, ufa umetulia na waweza kuzibwa. Kikivunjika, ardhi bado inatembea.

Na kama nyumba imesimama ukingoni mwa korongo, au juu ya mteremko unaoporomoka kama tunavyoona huko Bukavu, usitie fedha yako pale. Hakuna fundi awezaye kutengeneza nyumba ambayo ardhi yake inaondoka.

Kazi ya kwanza: kuyafukuza maji

Mwenye nyumba hupenda kuanza na rangi, maana rangi huonekana. Sisi tunamsihi aanze na maji.

Ardhi inayozunguka nyumba ichimbwe na kusawazishwa, ili iteremke kutoka ukutani. Umbali wa mita moja hivi, chimba mfereji wa kuyaongoza maji mbali. Kazi hii yahitaji jembe na jasho tu, nayo imeokoa kuta nyingi kuliko simenti.

Halafu tuje kwenye miguu ya nyumba. Huko ndiko nguzo huoza na mchwa hupanda. Kwanza paa liegemezwe kwa miti ya muda, na pembe za nyumba zipigiliwe miti ya mshazari, kwa maana nguzo isiyozama tena ardhini hupoteza sehemu ya nguvu yake ya kusimama wima. Kisha chukua kipande cha ukuta kisichozidi mita moja. Toa udongo ulioharibika, kata mguu wa nguzo mpaka mahali penye mti mgumu, ujenge chini yake kwa mawe na chokaa au simenti, kufika angalau sentimita 30 juu ya ardhi. Usiguse kipande kilicho jirani. Ruka viwili, ufanye cha tatu, urudi nyuma baada ya kile cha kwanza kukauka. Hivyo ukuta haukosi pa kusimama hata siku moja. Mawe hayo hayatamwua mchwa, lakini yatamlazimisha kujenga njia yake nje, mbele ya macho yetu. Mtoto mmoja apewe kazi ya kuzunguka nyumba kila Jumamosi na kuivunja.

Juu nako, paa litoke nje ya ukuta kwa sentimita 60 au zaidi. Mtu anayebadili majani kwa mabati akumbuke mambo mawili. La kwanza, bati ni jepesi, na upepo huliinua. Basi boriti zifungwe imara kwenye nguzo kwa waya au kwa chuma. La pili, bati huwaka mchana na hupiga kelele wakati wa mvua, hata mwalimu hasikiki. Dari ya matete au ya mikeka, yenye nafasi ya hewa juu yake, hupunguza mateso hayo yote mawili.

Tena bati hutupa zawadi ambayo majani hayatoi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita 6 kwa 8 ni mita za mraba 48; mvua moja ya milimita 20 yaliangushia lita 960. Hata kama sehemu ya tano itapotea, lita zaidi ya 700 hubaki kwa mwenye mfereji wa bati na pipa. Binti aliyekuwa akipanda mlima na ndoo kichwani afahamu hesabu hiyo kuliko sisi.

Kuta: tusizivike nguo isiyozifaa

Hapa kosa moja hufanyika kila mahali. Baba ananunua mfuko wa simenti, anapaka ukuta wa udongo, na nyumba inang'aa. Baada ya mvua za miaka miwili, simenti inabanduka kama ganda, pamoja na udongo ulioshikamana nayo. Kwa nini? Udongo huvimba kidogo ukipata unyevu na kunywea ukikauka. Simenti ni ngumu, haiufuati. Maji yanapita katika ufa mdogo, yanafungiwa ndani, na ukuta unaoza kisirisiri.

Ukuta wa udongo wapenda siribo la udongo: udongo, mchanga, majani makavu yaliyokatwa vipande vidogo, na mavi ya ng'ombe mahali yanapopatikana, kama mama zetu walivyojua. Mahali penye chokaa, ukuta upakwe chokaa juu yake, mara nyingi na kwa wembamba. Chokaa huruhusu unyevu kutoka, nayo huangaza chumba. Simenti yetu tuiweke akiba kwa sakafu na kwa mawe ya chini. Huko ndiko inakofaa.

Mwanga, hewa na mbu

Chumba cha mwanafunzi chataka dirisha. Katika ukuta wa miti na udongo, dirisha likatwe kati ya nguzo na nguzo; nguzo yenyewe isiguswe, maana ndiyo inayobeba paa. Lisikaribie pembe ya nyumba. Liachiwe mita moja. Juu yake uwekwe mti mgumu unaoingia ukutani pande zote mbili. Na kama twataka hewa itembee, madirisha yawe mawili yanayotazamana, kwa maana upepo hauingii mahali usipoona mlango wa kutokea.

Lakini aingizaye hewa aweza kuingiza mbu. Mbu wa malaria hupenda kupita katika nafasi iliyo kati ya ukuta na paa. Wataalamu walijaribu jambo hilo nchini Gambia, wakatoa matokeo yao mwaka 2009: katika nyumba zilizowekewa wavu milangoni na madirishani na kuzibwa nafasi ya chini ya paa, au zilizowekewa dari ya wavu tu, mbu walipungua kwa nusu hivi, na watoto wenye upungufu wa damu walikuwa wachache kuliko katika nyumba zilizoachwa wazi. Basi nafasi ile isizibwe kwa udongo, joto likatuua. Izibwe kwa wavu. Na chandarua cha kitandani kibaki mahali pake.

Jiko litoke chumbani

Shirika la Afya Ulimwenguni lilihesabu kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majiko ya nyumbani ulisababisha vifo karibu milioni 3.2 duniani, na kati yao watoto wenye umri chini ya miaka 5 walipita 237,000. Wanaokaa karibu na moto ndio wanaoumia: mama, na mtoto aliye mgongoni mwake. Baba aliye barazani na wageni wake hakohoi.

Wazee watatuambia: Moshi huo ndio uliolinda paa letu na wadudu. Nao wasema kweli. Moshi hukausha majani na boriti, na wadudu huukimbia. Kwa hiyo mwenye kuhamisha jiko hali paa lake ni la majani ajue kwamba amejitwika kazi mpya: kulikagua paa kila kiangazi, na kubadili majani mapema zaidi. Kazi hiyo ni nyepesi kuliko kifua cha mtoto.

Jiko lijengwe kando, upande ambao upepo huuchukua moshi mbali na vyumba. Kuta zake zisifike mpaka juu, au liwe na bomba la kutolea moshi. Mafiga yainuliwe juu ya tofali kufikia kiuno, mama asiiname, wala mtoto atambaaye asifikie moto. Kama mfuko wa fedha unatosha kazi moja tu mwaka huu, baada ya ile ya maji sisi tungechagua hii.

Kuongeza vyumba

Mwaka 1952 serikali ya Wabelgiji iliunda Office des Cités Africaines, iliyojenga mitaa mipya huko Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, huko Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, na katika miji mingine, Bukavu ikiwamo. Nyumba hizo zilikuwa imara. Lakini zilipimwa kwa baba, mama na watoto wao. Nyanya mjane na mpwa aliyekuja kusoma hawakuwa katika hesabu. Haikushangaza basi kwamba wenyeji wengi waliongeza vyumba nyuma na ubavuni. Nyumba ya Mwafrika yataka kukua pamoja na jamaa. Shauri ni kwamba ikue kwa mpango, isikue kama jipu.

Kwanza, chumba kipya kisizibe dirisha la chumba cha zamani. Mara ngapi tumeona jamaa ikijenga chumba cha tatu na kukifanya cha kwanza kuwa gereza! Pili, paa jipya lisimwage maji juu ya ukuta wa zamani. Lianzie chini ya ukingo wa paa la kwanza, literemke kwenda nje. Tatu, ukuta mpya usishikamanishwe na ule wa kale. Nyumba ya kale imekwisha kutulia ardhini. Mpya bado itashuka kidogo. Ukizifunga pamoja, moja itaivuta nyingine na ufa utakuja. Acha nafasi kati yake, uifunike kwa ubao au kwa bati. Njia iliyo bora zaidi ni kujenga chumba kipya peke yake, na kukiunganisha na nyumba kwa baraza yenye paa jepesi. Hivyo ua unabaki katikati, mahali ambapo jamaa huonana, kama ilivyokuwa desturi ya wazee wetu wengi.

Sheria hiyo ya tatu ina uzito zaidi katika nchi zetu za maziwa. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko lenye nguvu ya 6.8 liliharibu nyumba huko Kalemie. Tarehe 3 Februari 2008 jingine likaipiga Bukavu na upande wa Rwanda, na watu wakafa. Katika tetemeko, kinachoua ni ukuta mzito usiofungwa kwa juu. Nyumba ya zamani ya miti huyumba, mara nyingi bila kuanguka yote mara moja. Ukuta wa matofali bila mshipi humwagika. Basi mwenye kuongeza chumba cha matofali afunge kuta zake zote nne kwa mshipi mmoja wa mbao imara au wa simenti yenye vyuma, chini ya paa. Asiseme: Nitaweka fedha ikipatikana. Mshipi ni sehemu ya ukuta.

Na matofali gani? Ya kuchoma ni mazuri, lakini yanakula kuni. Wakaaji wa Lubumbashi wanajua jinsi msitu ulivyokimbia mbali na mji kwa ajili ya makala na tanuru. Chini ya paa linalotoka nje na juu ya msingi wa mawe, tofali bichi lililokaushwa kivulini kwa majuma matatu au manne linatosha kabisa. Huko Katanga udongo wa kichuguu hufanya tofali zuri. Na mahali ambapo parokia, shule au kikundi cha majirani chaweza kununua mashine moja ya mkono, kuna ile iitwayo CINVA-Ram, iliyobuniwa huko Bogotá, Kolombia, katika miaka ya 1950. Hushindilia udongo wenye simenti kidogo, sehemu tano hadi nane katika mia. Tofali hilo halichomwi. Hufunikwa na kunyunyiziwa maji kwa majuma mawili au zaidi, mpaka simenti yake ikomae.

Kazi ya miaka minne

Mwingine atasema: Haya yote yataka fedha nyingi. Yangekuwa mengi kama yangefanywa kwa siku moja. Tuyagawe basi. Mwaka wa kwanza: mfereji, miguu ya nyumba na paa. Mwaka wa pili: jiko. Mwaka wa tatu: madirisha, wavu, sakafu na siribo. Mwaka wa nne: chumba kipya. Kila mwaka una mwisho wake, na kama ugonjwa au ada za shule zikija kati, jamaa inasimama pale ilipofika, nayo haina hasara. Hicho ndicho anachokikosa yule aliyebomoa.

Tena shauri lifanywe na wote wawili. Baba anaijua nyumba kwa nje. Mama anaijua kwa ndani. Yeye ndiye ajuaye ni pembe gani inayovuja, ni wapi mtoto hukohoa usiku, ni saa ngapi jua huingia chumbani. Baba akichora nyumba bila kumwuliza mkewe, atajenga baraza kubwa na jiko dogo.

Wasomaji wapenzi, kiangazi kijacho tusianze kwa kuhesabu matofali. Tuizunguke nyumba yetu polepole, mume na mke, na mtoto mmoja mwenye kalamu. Aandike kila ufa, kila nguzo iliyooza, kila mahali maji yanaposimama. Karatasi hiyo itatuonyesha mahali pa kuanzia, na huenda jembe lililo nyuma ya mlango likatosha kwa kazi ya kwanza.